Kofia kwanza: namna ya kumvisha malkia wa Wamongolia kwa jukwaa la shule

Ukiletewa mchezo wenye malkia wa Wamongolia, usikimbilie joho. Anza na kofia. Joho lao la heshima ni pana mno, linamkaa msichana na bibi vilevile, na mtu aliyeketi safu ya nyuma hataona tofauti. Kofia ndiyo inayosema huyu ni mke wa mtu, huyu bado hajaolewa, huyu ndiye mwenye boma. Kwa hiyo mwalimu akija kibandani kwangu Kariokor, Nairobi, na karatasi zake, kabla sijashika futi namuuliza mambo mawili. Mhusika wako ameolewa? Na mchezo unatokea mwaka gani?

La kwanza hujibiwa haraka. La pili hukwepwa. "Fundi, si ni zamani tu?" Zamani ipi, mwalimu? Genghis Khan alitawazwa mwaka 1206 kando ya mto Onon. Mandukhai, malkia aliyewakusanya tena Wamongolia baada ya dola yao kusambaratika, alitawala mwishoni mwa karne ya 15. Hapo katikati kuna karibu miaka 300. Hata hapa kwetu, ukimpandisha Mekatilili, shujaa wa Wagiriama, jukwaani na gauni la harusi ya juzi, watu wataangua kicheko.

Picha za kukataa

Walimu huja na picha kwenye simu, na nyingi ni za kukataa pale pale. Kuna yule malkia wa tamthilia za Kichina, mwenye kucha ndefu za dhahabu na maua kichwani. Huyo ni wa enzi ya Qing, utawala wa Wamanchu, 1644 hadi 1912. Kuna mwanamke mwenye nywele zilizotandazwa pande zote mbili kama pembe za ng'ombe. Huyo ni Mmongolia kweli, wa kabila la Khalkha, ila nyingi ya picha zake zilipigwa mwanzoni mwa karne ya 20. Genghis Khan hakuwahi kumwona mwanamke wa namna hiyo. Halafu kuna binti wa ngozi na chuma, mapaja nje, kofia ya pembe. Huyo anatoka kwenye michezo ya kompyuta na arudi huko huko.

Picha ya kukubali ni ya Chabi, mke wa Kublai Khan, mjukuu wa Genghis Khan aliyetawala China. Mchoro wake umehifadhiwa katika makumbusho ya kasri ya kitaifa huko Taipei, na nakala zake zimejaa kwenye intaneti. Tazama shingo ya joho: jekundu, na ukingo mpana wa kitambaa cha dhahabu. Tazama lulu zinazoning'inia kando ya masikio. Kisha tazama kile kitu kirefu chekundu kilichosimama kichwani, kimetapakaa lulu. Hiyo ndiyo boqta. Ichapishe kwa rangi, ibandike mbele ya cherehani, usiitoe mpaka kazi iishe.

Kuiunda boqta

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kazi ilipo.

Mtawa mmoja wa Kifransisko, William of Rubruck, alisafiri kati ya Wamongolia kuanzia 1253 hadi 1255, akaielezea kofia hii vizuri kiasi kwamba fundi anaweza kukata akimsoma. Anasema ilitengenezwa kwa gome la mti au kitu kingine chepesi, unene wake ni kiasi cha viganja viwili kuizunguka, urefu wake dhiraa moja au zaidi, na juu ina kichwa cha mraba kama kile cha nguzo. Ndani ni tupu. Nje imevishwa hariri ya bei. Juu ya ule mraba husimama kifungu cha vijiti vyembamba, navyo vina urefu wa dhiraa au zaidi, ncha zake zikiwa na manyoya ya tausi na pembeni manyoya madogo ya mkia wa bata, pamoja na vito. Giovanni da Pian del Carpine, aliyemtangulia mwaka 1246, anaongeza kwamba mke aliyeolewa hakutokea mbele ya wanaume bila kofia hii, na kwamba ndiyo iliyomtofautisha na wasioolewa.

Dhiraa tunaijua, kiwiko hadi ncha ya kidole. Hesabu sentimita 45 hivi. Mzunguko, shika hewa kwa viganja viwili vidole vikigusana: karibu sentimita 40. Kadibodi ya katoni inatosha kwa shule isiyo na pesa, lakini ikipata jasho inalegea, na msichana wa jukwaani anatoka jasho kweli. Mimi hupita kwa akina mama wanaosuka vikapu hapa sokoni nikachukua fito nyembamba zilizopasuliwa. Simamisha fito nane, zifunge kwa uzi wa mkonge kwenye pete tatu za fito hizo hizo, moja chini, moja katikati, moja juu. Pete ya juu usiifanye duara, ipinde iwe mraba na iwe pana kuliko ya chini, ili kofia ipanuke inapopanda. Ukitazama ukaona ndoo, umekosea mraba. Ifungue.

Sasa ivishe. Ndani weka kitambaa chepesi cha pamba, ambacho kitazuia fito kukwaruza. Nje, satini nyekundu au velveti. Velveti nzuri kabisa nimeipata soko la Gikomba kwenye marobota ya mapazia. Pazia moja refu linatoa kofia mbili na bado unabaki na kiraka cha mkanda. Shona mshono wa nyuma kwa mkono, usitumie gundi, kwa sababu gundi moto inaacha vinundu na taa za ukumbi zinaviona vyote. Lulu za plastiki zitunge kwenye uzi wa nailoni kwanza, kisha uzilaze juu ya kitambaa kwa safu zilizopinda. Ukizishona moja moja utalala kibandani.

Rubruck anasema nywele zilikusanywa juu, zikafungwa fundo, fundo likaingia ndani ya kofia, kisha kilemba chenye tundu kikavaliwa juu na kufungwa chini ya kidevu. Wanafunzi wetu wengi wamenyoa. Hakuna fundo. Dawa yake ni ngata, ile ile ya kubebea mtungi: sokota ukanda wa kanga kuukuu, uviringe, ushone chini ya kofia kwa ndani. Ngata inashika kichwa, kofia inasimama juu ya ngata. Kisha kata kilemba cha kitambaa cheusi kinachofunika masikio na kushuka hadi mabegani, kiache tundu juu, mikanda miwili ya kufunga kidevuni. Mkanda uwe mpana kama vidole viwili. Riboni nyembamba inakata ngozi, na mtoto ataanza kuigusagusa katikati ya maneno yake.

Kifungu cha juu kiwe cha kuchomoa, na hili si pendekezo. Kofia na kifungu chake kwa pamoja ni dhiraa mbili, karibu sentimita 90 juu ya kichwa cha mtu. Hakiingii mlangoni, hakiingii kwenye matatu, na kikiingia kitatoka kimevunjika. Chukua mrija wa biro iliyokwisha wino, usimamishe katikati ya ule mraba, uufunge kwa uzi kwenye fito. Vijiti vya manyoya viwe na ncha inayoingia humo. Manyoya yenyewe nayapata kwa wachinja kuku: mkia wa jogoo mweusi una kijani ndani yake kinachowaka vizuri ukipigwa na taa. Yaoshe kwa sabuni na dawa ya kuua viini, yaanike juani hadi yakauke kabisa. Macho ya tausi chora kwenye karatasi ya manila kwa rangi ya buluu na dhahabu, ukate, ubandike nchani. Toka safu ya tatu hakuna anayejua.

Kisha jaribio. Mvishe, mwambie atembee, aketi chini, ainame kumpokea mgeni, asimame bila kushika chochote. Binti mmoja aliniuliza, "Mama, na ikianguka mbele ya waamuzi?" Nikamwambia, "Haianguki, mwanangu. Inaanguka ukitazama chini. Tazama mbele kama mwenye mali." Na kweli, kofia hii inamfundisha mtoto kuigiza kuliko mwalimu yeyote. Shingo inanyooka yenyewe, mwendo unapungua, kichwa kinageuka pamoja na mabega. Rubruck anasema wanawake hawa wakiwa wengi juu ya farasi, kwa mbali ungewadhania ni askari waliovaa helmeti na kushika mikuki wima. Mwambie mtu wa taa awamulike kwa nyuma wanapoingia mara ya kwanza. Utasikia ukumbi ukinyamaza.

Joho

Hapa ni haraka zaidi. Kata pana, refu, la kuburura. Wachina waliowatembelea waliona wajakazi wakishika pindo la mabibi wakubwa, kwa hiyo una kazi ya kuwapa wasichana wawili wasio na maneno. Mikono iwe mipana juu na myembamba kwenye kifundo cha mkono, mirefu ya kufunika vidole. Upande wa kushoto unalala juu ya ule wa kulia na kufungwa ubavu wa kulia. Hili usilibadilishe: Rubruck aliona kwamba Waturuki walifunga kushoto na Wamongolia daima kulia. Watoto wakijivisha mbele ya kioo hugeuza, kwa hiyo shona vifungo mahali pake badala ya kuwaachia pini.

Kitambaa chao cha fahari kilikuwa nasiji, hariri iliyofumwa kwa nyuzi za dhahabu. Walipoteka miji kama Herat na Samarkand, wafumaji hawakuuawa, walihamishwa mashariki kwa maelfu wakafume huko. Kwa hiyo malkia wa Kimongolia mwenye nakshi za Kiajemi begani si kosa. Tembea Isili kwenye maduka ya vitambaa vya harusi, ulizia brokedi nyekundu yenye dhahabu. Usinunue ya joho zima. Nunua ya shingo, ya vikunjo vya mikono na ya ukingo wa mbele, sehemu iliyobaki iwe satini. Kwa matukio ya safari, Rubruck aliwaona wakijifunga kitambaa cha hariri ya buluu kiunoni, kingine kifuani, na cheupe chini ya macho hadi kifuani. Hicho cheupe kinafunika mdomo na kinaua sauti. Mimi hukitumia mtu anapopita tu.

Nani anavaa nini

Hoelun, mama yake Genghis Khan. Mumewe Yesugei alipewa sumu na Watatari, ukoo ukamtelekeza na watoto wadogo, Temujin, ndiye Genghis Khan wa baadaye, akiwa na miaka kama 9. Masimulizi ya Wamongolia wenyewe yanamwonyesha akiivuta boqta yake kichwani, akijifunga mshipi barabara, akikimbia juu na chini ya mto Onon kuokota matunda ya porini ili wanawe wale. Hebu litafakari hilo. Hana mume, hana mifugo, lakini kofia ya mke haijatoka kichwani. Basi mshonee boqta ya kitambaa kilichofifia, bila lulu, bila manyoya, na joho fupi la kahawia. Akina mama ukumbini wataelewa bila kuambiwa. Na kutokana naye ujue pia kwamba mjane havuliwi kofia. Mwalimu akikuambia malkia amefiwa kwa hiyo atembee kichwa wazi, mkumbushe Hoelun.

Borte, mke mkuu wa Genghis Khan, wa kabila la Onggirat, alikuja na koti la manyoya meusi ya kicheche kama zawadi kwa upande wa mume. Temujin alilipeleka koti hilo kwa Toghrul, mtawala wa Wakereit, akapata mlezi. Borte alipotekwa na kabila la Wamerkit, jeshi la Toghrul lilikuwa miongoni mwa yaliyokwenda kumrudisha. Kwa hiyo koti hilo ni mhusika. Gikomba makoti ya manyoya ya bandia ya Ulaya yapo tele, na Nairobi hakuna anayeyataka ila Julai. Chagua jeusi, lipige brashi, lining'inizwe jukwaani muda mrefu kabla halijatajwa.

Sasa tufike kwenye mchezo ambao shule nyingi huchagua, na wana haki: Toregene na Sorghaghtani. Ogedei, mwana wa Genghis Khan aliyemrithi, alikufa Desemba 1241. Mjane wake Toregene alishika dola nzima hadi Agosti 1246, mwanawe Guyuk alipotawazwa. Aliwaondoa mawaziri wa mumewe na kumweka karibu Fatima, mateka kutoka Tus huko Uajemi, aliyepanda kutoka utumwani hadi kuwa sikio la malkia. Guyuk alipokwisha kukaa kwenye kiti, Fatima alishtakiwa uchawi, akateswa na kuuawa. Mvishe Toregene kila kitu tangu mwanzo: nyekundu, dhahabu, kifungu kirefu kuliko vyote. Fatima usimpe boqta kamwe. Mimi humpa ushungi wa kijivu katika tukio la kwanza, kisha kila anapoingia ushungi unakuwa wa kitambaa bora zaidi, hadi tukio la kesi anapoletwa bila ushungi wowote.

Sorghaghtani ni kazi ngumu zaidi kwa fundi kwa sababu nguvu zake zilikuwa za kungoja. Alikuwa Mkereit, binti wa ndugu yake Toghrul, Mkristo, mjane wa Tolui, ndugu yake Ogedei, aliyekufa 1232. Kwao mjane alirithiwa na jamaa ya mume, jambo ambalo hatuhitaji kuelezwa hapa Kenya. Ogedei alitaka amwoze kwa Guyuk. Alikataa kwa adabu, akasema kazi yake ni kuwalea wanawe. Wanawe walikuwa Mongke, Kublai, Hulegu na Ariq Boke. Mwaka 1251 Mongke akawa Khan Mkuu, ukuu ukahama kutoka nyumba ya Ogedei kuja nyumbani kwake. Huyu mwanamke Mkristo alitoa fedha ya kujenga madrasa Bukhara, akaheshimika hata kwa waandishi Waislamu wa zama zile. Alifariki mwaka 1252.

Katika matukio ya mwanzo mpe boqta ya rangi ya divai nzito, bila dhahabu, kifungu kifupi, msalaba mdogo wa kitambaa shingoni. Asimame daima nyuma ya Toregene kwa hatua moja. Baada ya 1251, kila kitu kigeuke: yeye apate ukingo wa dhahabu. Oghul Qaimish, mjane wa Guyuk, aliyeshika hatamu tangu 1248, ndiye atakayepoteza. Alihukumiwa mwaka 1252 kwa tuhuma za uchawi, akafungwa ndani ya namda, kitambaa kizito cha sufu iliyogandamizwa, na kuzamishwa mtoni. Kwa namda, blanketi zito la kijivu linafaa. Usimfunge mtoto kichwa hata kwa utani. Mfunike mabegani, taa izimwe.

Sherehe ya kumtawaza Guyuk ni zawadi kwa shule yenye kwaya kubwa na mfuko mdogo. Carpine alikuwepo. Anasema siku ya kwanza wote walivaa nyeupe, ya pili nyekundu, ya tatu buluu, ya nne brokedi. Hema lilikuwa jeupe, kubwa la kuchukua watu zaidi ya 2,000, na wajumbe walizidi 4,000. Huna haja ya nguo nne kwa kila mtoto. Shona mabegani shuka za rangi zinazogeuzwa, nyeupe upande mmoja na nyekundu upande wa pili, na siku inabadilika kwa mpigo wa ngoma.

Chabi, yule wa mchoro, ni kipenzi changu, na si kwa sababu ya lulu. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan, ile ya Kublai huko China, inasimulia kwamba aliwakusanya wanawake wa kasri, wakachukua nyuzi kuukuu za pinde, wakazichemsha, wakafuma kitambaa. Ngozi za kondoo zilizotupwa wakaziunga kuwa zulia. Kublai alipolalamika kwamba jua linamchoma machoni akiwinda, Chabi akaiongezea kofia ukingo wa mbele. Akabuni pia vazi lisilo na mikono, rahisi kwa mtu aliye juu ya farasi mwenye upinde. Huyo alikuwa fundi. Mchezo wenu ukiwa na Chabi, tafadhali mwalimu, usimwache aketi tu kama sanamu. Mpe mkasi, mpe lundo la nguo kuukuu, na mtaa wote wa Gikomba utamtambua.

Khutulun, binti ya Qaidu mjukuu wa Ogedei, hapati boqta mpaka aolewe. Marco Polo anasimulia kwamba kila aliyemposa alipaswa kushindana naye mieleka, na akishindwa atoe farasi 100. Rubruck anasema nguo za wasichana hazikutofautiana na za wanaume ila kwa urefu zaidi kidogo. Basi mkate joho fupi lenye mpasuo, suruali pana, mshipi mpana wa kushikika, kwa sababu mpinzani lazima apate pa kushika. Wamongolia husimulia kwamba fulana ya mieleka yao ya leo imeachwa wazi kifuani ili mwanamke asije tena akajipenyeza akawashinda. Msimulizi aliseme hilo, inatosha. Na mazulia ya mazoezi yawekwe chini ya shuka. Mieleka ya jukwaani inavunja watu kweli.

Baada ya dola kuvunjika

Saray Mulk Khanum alikuwa binti wa Khan wa ukoo wa Genghis, na kwa kumwoa mwaka 1370 Timur, mtawala wa Samarkand, alipata haki ya kujiita mkwe wa ukoo huo. Mjumbe wa Kihispania, Clavijo, alimwona Samarkand mwaka 1404: joho jekundu la hariri na dhahabu, wanawake 15 wakishika pindo, uso umepakwa cheupe, kofia ndefu nyekundu yenye manyoya meupe, na mabibi waliotembea kando yake wakiinua mikono kuishika isiyumbe. Ukiwa na wasichana wengi wasiokuwa na maneno, tukio ni hili. Kofia yake ifanye kubwa kupita kiasi. Hapa kuyumba kumo ndani ya hadithi.

Mandukhai mimi humvua boqta. Nasaba ya Yuan ilipoanguka 1368 na Wamongolia kurudi nyikani, kofia ile ilianza kupotea, na mwanamke huyu hakuwa na muda wa lulu. Mumewe Manduul alikufa. Akamkataa mchumba mwenye jeshi. Akamchagua mtoto wa miaka kama 7, Batu-Mongke, aliyebaki wa damu ya Genghis Khan. Akamtawaza, akamwoa alipokua, akawapiga Waoirat, Wamongolia wa magharibi. Masimulizi yanasema alimbeba mtoto huyo kwenye sanduku juu ya farasi akienda vitani. Mpe kofia fupi yenye ukingo wa manyoya, joho la buluu lisiloburura, podo la mishale. Pesa uliyookoa kwenye kofia itumie kwenye sanduku. Liwe la mbao nyepesi, liwe na mkanda wa begani, na mtoto anayeketi humo awe mdogo kweli, wa shule ya msingi.

Hema na kizingiti

Mlango wa hema ulitazama kusini. Mwenye hema aliketi kaskazini, wanawake upande wa mashariki, wanaume magharibi. Wafanye watazamaji wawe ndio kusini, na kila kitu kinapangika: Khan nyuma katikati, wanawake mkono wa kulia wa watazamaji. Ukiweka mahema kadhaa nje, la mke mkuu liko mwisho wa magharibi, yaani kushoto kwetu, mengine yakifuata kwa cheo kwenda mashariki. Kila mke mkubwa alikuwa na boma lake, magari yake ya kukokotwa na watu wake, kwa hiyo usiwarundike wake wote chini ya turubai moja.

Kizingiti hakikanyagwi. Mwenzake Rubruck alikikanyaga akitoka kwa Mongke, akakamatwa, akahojiwa, na hakuruhusiwa kuingia tena. Tandika kamba nene sakafuni na uwafundishe wote kuiruka, hata wanaobeba chai ya mazoezi. Mlango wenyewe uache juu wazi, bila boriti, la sivyo boqta ya kwanza itanasa.

Siku ya safari vijiti vya manyoya viingie kwenye bomba la karatasi la kubebea michoro, kofia zijazwe magazeti makuukuu na zisimame wima kwenye ndoo, ndoo moja kofia moja, mapajani mwa mtu mzima na si kwenye kapeti ya nyuma ya matatu. Pini, sindano yenye uzi mwekundu na ngata ya akiba ziwe kwenye mfuko wa mwalimu. Kwa wenzangu mafundi: kodishia kofia, usiuze, na uchukue amana kabla haijatoka kibandani. Hesabuni manyoya pamoja, mbele ya mwalimu, yakitoka na yakirudi. Kuna shule ilinirudishia boqta yenye manyoya mawili na kijiti cha ufagio.